Kapasa Hakufika Peke Yake

Baba yangu mpendwa,

Mjukuu wako amezaliwa. Ni mvulana, ana kichwa kikubwa kama chako, na Jumapili shangazi zangu wanakuja hapa Lubumbashi kumpa jina. Wameshaamua: Kapasa, jina la babu yako aliyeanzisha mji wetu kule mbele ya Kasomeno. Hawajui kwamba nimekwenda huko.

Unakumbuka safari zetu za likizo? Ulinionyesha nyumba ya kwanza ya mji, ya matofali mekundu, ukijivuna: "Hapa ilikuwa pori tu. Nkambo yangu alikuya na jembe yake." Lakini hukula ndani ya nyumba ile hata siku moja. Mvua ikinyesha ulisimama barazani na sahani yako ya ugali wa bukari, nami nikikucheka. Ulisema ndani kuna joto.

Hospitalini, siku zako za mwisho, sauti imekwisha kukauka, ulinishika mkono. "Mutoto yako ya kwanza ni Kapasa. Niahidi." Nikaahidi.

Basi mimba ilipofika miezi saba, nikaenda kuandika historia ya huyo Kapasa ili mwanangu aje aisome. Nilielekezwa kwa Mama Chola, bibi kizee anayeuza samaki wakavu kando ya barabara. Nilipomwambia mimi ni wa ukoo gani, aliacha kupanga samaki wake.

"Kapasa hakukuyaka yeye moja. Alikuya na mudogo yake, Musonda, na bantu bengine, hata mama yangu. Balikuwa banachimba kichuguu, banatafuta udongo ya matofari. Kichuguu ikamuangukia Musonda."

"Walimzika wapi?"

"Kuzika? Chef, mwenye inchi, hangebapa inchi kwenye muntu amekufia. Kapasa akasema bafunike, bajenge ile nyumba ya kwanza juu. Mama yangu alisikia Musonda anaita kule chini, na bao banapanga matofari." Akalitazama tumbo langu. "Papa yako alijuaka. Nilimuelezaka mimi mwenyewe."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

Ulijua, Baba. Ulijua, na bado ukaniapisha nimpe mwanangu jina lile, wakati kwetu marehemu hurudi kupitia mtoto aliyepewa jina lake. Nakupenda, na nimekukasirikia hata siwezi kutazama picha yako ukutani. Tangu nirudi, nikikaa kimya nasikia mtu anaita. Mume wangu anasema ni uchovu wa uzazi, na huenda ni kweli.

Pengine ulitaka Kapasa arudi apate kutubu. Lakini asitubu kwa mwili wa mwanangu.

Jumapili nitawaambia shangazi kwamba mtoto anaitwa Musonda. Watapiga kelele, watasema nimekutukana kaburini mwako. Nisamehe ukiweza. Na ukija kumwona, mwite kwa jina hilo. Ukiita Kapasa mlangoni, hata nikiitambua sauti yako, sitafungua.

Binti yako,
mama yake Musonda