Viini Kumi na Vinne, Sauti Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimepima tena. Baba ameandika kwa macho: kahawa haina sukari. Kamera iliyafuata macho yake herufi kwa herufi, vizuri tu. Kisha kompyuta ikaanza kutengeneza sauti. Sekunde ishirini na nne. Ilipotoka nilikuwa nimeshaosha kikombe.

Lakini ni sauti yake! Imetokana na jumbe za sauti alizokuwa akiwatumia wenzake wa dhumna kabla ugonjwa haujamfika kooni — miaka miwili ya matani matupu. Ipo sauti nyingine, ya papo hapo, ya mtu kama mtangazaji wa redio wa Rio, si lafudhi ya kwetu. Baba akiisikia hufumba macho. Juzi aliandika kwamba huyo hamjui, asimsemee. "Na wewe pia, Ivoneide. Usinisemee."

Nimeahidi.

Tatizo ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Ni kuukuu, ina viini viwili tu vya kufanyia kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa Edvan, fundi wa kompyuta, kule kwenye maduka ya katikati ya mji. Njia mbili. Prosesa mpya ya viini sita. Au iliyotolewa kwenye seva za zamani, inaagizwa China pamoja na ubao wake — viini kumi na vinne. Bei zinakaribiana.

Edvan alicheka nilipositasita. "Dada, sita hawatoshi hata timu ya mpira."

Nimechora jedwali. Safu ya kwanza, viini vyote vikifanya kazi pamoja: ya kumi na vinne inashinda. Safu ya pili, kiini kimoja peke yake: ya sita inashinda zaidi ya mara mbili, maana kwa kila mpigo wa saa yake ya ndani inafanya kazi nyingi zaidi. Nimezitazama safu zote mbili mpaka kuskus ikapoa sahanini.

Nimechagua ya kumi na vinne. Umoja ni nguvu, au sivyo? Pikipiki ya Baba imeuzwa kwa ajili hii. Aliruhusu mwenyewe. Hakuna kingine cha kuuza.

Jumanne, 26 Machi

Furushi limetoka forodhani. Edvan amefunga kila kitu hapa hapa nyumbani. Inawaka! Vijisanduku kumi na vinne kwenye skrini, kama madirisha ya ghorofa.

Sekunde ishirini na mbili.

Nimerudia mara kumi. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu.

Jumatano, 27 Machi

Nimeelewa. Wakati sauti inatengenezwa, kijisanduku kimoja kinajaa mpaka juu. Kumi na vitatu vitupu. Programu hii inatumia kiini kimoja tu. Kumi na watatu wamesimama wanamtazama mwenzao akichimba — na huyo mchimbaji ni mzee.

Nimemwandikia aliyeitunga. Amejibu kwa adabu: ndivyo ilivyo, hana muda wa kuibadilisha.

Nimepeleka programu dukani, tukaijaribu kwenye ile ya viini sita. Sekunde saba. Saba! Edvan hakunitazama. Nilimuuliza kama yuko mtu wa kubadilishana naye.

"Kila mtu mjini hapa anayo hiyo ya kumi na vinne, dada. Mimi mwenyewe ninayo."

Jedwali bado liko kurasa chache nyuma. Safu ya pili. Mwandiko wangu mwenyewe.

Jumanne, 2 Aprili

Daktari amenivuta kando. Misuli ya macho nayo imeanza kulegea. Labda miezi miwili, kisha hata herufi hatazifikia.

Nilirudi chumbani nikakunja shuka zilizokwisha kukunjwa. Baba aliandika neno moja. Hata neno moja huchukua sekunde tisa.

"Najua."

Jumamosi, 6 Aprili

Ademar na Genival, wenzake wa dhumna, wamekuja. Mara ya kwanza tangu Krismasi. Meza ya dhumna iko kando ya kitanda. Nimekaa na daftari magotini, saa mkononi, napima kila sentensi. Sijui napima kwa ajili ya nini.

Ademar alikalia kete ya sita-sita muda mrefu. Nikaona macho ya Baba yanakimbia kwenye herufi. Ademar akaitupa, mchezo ukafungwa, kete zikachanganywa, wakagawana upya. Ndipo sauti ikatoka, yake kabisa, na kile kicheko chake: "Ademar, hiyo sita-sita unailea mpaka ioe?"

Ademar akatazama mkono wake. "Sina sita-sita, Valdo," akamwambia Baba taratibu.

Genival alicheka, kisha akaacha.

Baada ya hapo wamecheza bila matani. Sasa Ademar anachukua kofia. Anasema wamemchosha mgonjwa. Anamgusa Baba bega, wanageuka.

Kwenye skrini nasoma alichokwisha kuandika: Kaeni. Sijamaliza kuwasema. Duara la kusubiri sauti linazunguka. Baba hatazami skrini. Ananitazama mimi.

Niliahidi sitamsemea.

Sekunde ya tisa. Genival amefungua mlango.

Kumi na mbili. Wako uani.

Kumi na tano. Ademar anahangaika na komeo la lango.

Kumi na saba. Limefunguka.