Bhoke Simwandiki

Jumatano

Mshindani! Eti nimwandike Bhoke kuwa mshindani wangu. Bhoke, mke mwenzangu, aliyewapokea watoto wangu wanne kwa mikono yake.

Binti anayetufundisha biashara aliniamkia vizuri, halafu akasema mpango wangu wa masoko haujakamilika. "Bibi, andika nani mwingine anauza maziwa ya mgando, na udhaifu wake ni upi. Usipopajaza hapo hupati meza sokoni."

"Mjukuu wangu, udhaifu wa Bhoke naujua wote, ila si wa kuweka kwenye karatasi ya watu." Nikapaacha wazi. Herufi nimejifunza kanisani nikiwa na mvi tayari, na sikujifunza ili nimseme mke mwenzangu.

Lakini meza naitaka. Mgongo umechoka kuuzia chini, na mwaka huu sijui kama...

Jioni nikamweleza Bhoke, ambaye meza yake alishapewa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nilikuandika wewe! Nilisema maziwa yako yananuka moshi."

Ibilisi huyu! Moshi ninaofukizia kibuyu changu ndio wateja wanaoufuata.

Hata hivyo simwandiki. Kesho nabeba vibuyu vyangu, nakaa kwenye meza yake, na asogee.