Mahali Chai Ilikataa

Nyumbani kwetu,
Karibu na soko la Merigi,
Bomet.
8 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Kiptum,

Chamgei. Natumaini wewe, Phyllis na mtoto mko wazima, na ile baridi ya Kanada imewaachilia kidogo. Mgongo wako je? Ulisema kuendesha lori kunauumiza. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti asubuhi, lakini jua likitoka anaingia kwenye majani chai kuchuma, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamchoka. Mvua ni nzuri. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na maziwa ya mursik yamejaa kibuyu, wa kunywa ndio hawapo.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Judy wa mzee Ratemo, jirani yetu, anakuja huko kusoma wiki hii, nikaona nimpe. Kwa simu siwezi kusema. Kaka yetu Kipyegon akisikia ni wewe, anakuja kukaa kando yangu, na kabla sijamaliza salamu ameshaninyang'anya simu. Na ile grupu ya familia ndiyo usiseme. Huko ndiko ulikoandika yale maneno yaliyonifanya nisukume ugali kando.

Uliandika kuhusu shamba langu na la Kipyegon, "Badilishaneni tu, udongo ni udongo." Kiptum! Haki ya Mungu nilisoma na kurudia, nikidhani ni mchezo. Sasa kaa chini nikueleze, halafu wewe mwenyewe uniambie kama udongo ni udongo.

Unakumbuka tulivyogawiwa shamba Baba alipofariki. Kipyegon kama mkubwa akapewa kule juu kando ya barabara, wewe ukawekewa chai ya chini. Mimi niliyekuwa nimerudi kutoka kwa mume na mtoto mgongoni, wazee walikohoa weee, mwisho wakasema basi Tecla apewe kile kipande cha katikati, mahali chai ilikataa. Unakijua vizuri. Chai yote ya Baba ilikuwa kijani, lakini pale katikati vichaka vilikuwa vifupi, vya manjano, vingine vimekauka, kama upara katikati ya kichwa. Nikasema asante. Kwani ningefanya nini?

Mama akaniambia nimwage hapo majivu ya jikoni kila asubuhi, kwa sababu yeye na Kogo, mama yake Baba, walifanya hivyo maisha yao yote. Majivu ni dawa ya shamba, kila mtu hapa atakuambia. Nikabeba majivu. Chai ikazidi kuwa manjano. Kipyegon naye akaanza kuwaambia watu sokoni kwamba dadake ni mvivu, hapalilii, ndiyo maana hata ndoa ilimshinda. Nilisikia hayo nikiwa nimesimama pale pale nikichagua nyanya. Yaliniuma sana.

Sasa mwaka juzi kukaja Lenah, afisa wa kilimo anayesali na sisi. Alichimba udongo kwangu, akachimba na kwa Kipyegon, naye Kipyegon alikubali, usifikirie tuliuiba. Akaupeleka Kericho kupimwa. Majibu yaliporudi alikuja mbio kwangu na swali moja: hapa palikuwa na nyumba?

Mimi nilicheka. Mama ndiye aliyejibu. Akasema ndiyo, hapo ndipo palikuwa boma la Kogo kabla Baba hajapanda chai. Nyumba ilikuwa hapo, jiko hapo, zizi la ng'ombe hapo. Majivu na samadi ya miaka yote, mahali pamoja.

Lenah akatueleza polepole. Chai inapenda udongo mchachu, na udongo wetu huku ni mchachu tangu zamani, kwa sababu mvua nyingi inaosha ule utamu na kuupeleka mtoni. Majivu yanaua uchachu. Kwa hivyo chai ya pale katikati ilikuwa inakufa kwa sababu ya majivu ya Kogo, na sisi, werevu wa boma, tukawa tunaiongezea mengine kila asubuhi! Mama alishika kichwa. Lakini Lenah akasema ubaya wa chai ndio uzuri wa mahindi. Nikaomba ruhusa kwa Mama, nikang'oa vile vichaka, nikapanda mahindi na maharagwe.

Ndugu yangu, ungeyaona. Sasa hivi yamenipita kimo na majani yake ni meusi kwa ukijani. Mwaka jana sikununua unga, na shule haikumrudisha mtoto wangu nyumbani kwa ajili ya karo hata mara moja. Wale wale wa sokoni sasa wanasimama kwenye njia wanauliza nimetumia dawa gani.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kipyegon naye alikasirikia udogo wa bonasi ya chai, akang'oa ya kwake yote kule juu, akapanda mahindi. Akaanza na ile mbolea ya chai iliyobaki ghalani, ati mbolea ni mbolea. Naona nyinyi wawili mlifundishwa na mwalimu mmoja! Mahindi yakatoka mafupi, majani yana rangi ya zambarau kwenye kingo. Akaongeza mbolea ya DAP. Yakadumaa. Akaongeza tena. Yeye ni mtu wa dawa ya moto ni moto. Lenah alimwambia kwamba mbolea yenyewe inazidisha uchachu, na udongo mwekundu ukishakuwa mchachu hivyo unaikamata ile mbolea na kuifungia, mmea hauipati. Ni kama kumwekea mtu chakula kwenye kabati lililofungwa, halafu unashangaa mbona hanenepi. Akamwambia dawa iko, aweke chokaa.

Unajua alijibu nini? "Chokaa ya kupaka nyumba? Mnataka nilipake shamba rangi?" Akacheka mpaka akakohoa. Lenah akamweleza kwamba kuna chokaa ya shamba, inauzwa kwenye magunia, unaimwaga, unachanganya na udongo kabla ya kupanda. Hakusikia. Siku ya pili nilirudia mimi, kwa upole kabisa. Akaniuliza tangu lini mwanamke aliyeshindwa na nyumba akajua mambo ya chokaa. Tangu hiyo siku, akiniona njiani, ananiita Chokaa. Hata watoto wake wameshika. Shangazi Chokaa.

Na sasa ati suluhisho ni tubadilishane. Yeye achukue kipande changu, mimi nipewe kipande cha ukubwa ule ule kule juu kwenye zambarau. Amewaita wazee waje Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Anasema Kiptum amekubali, na anawaonyesha simu. Maneno yako, Kiptum. Wazee wakiona wavulana wawili mko upande mmoja, nani atauliza Tecla anasema nini?

Nimekasirika, sikufichi. Nilipopewa hicho kipande hakuna aliyekitaka. Kilipokuwa cha manjano kilikuwa changu, kimekuwa kijani sasa ni cha boma. Kama kingebaki kibaya, wazee wangeitwa?

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba hata akikipata hakitamsaidia. Ni kidogo, hakiwezi kulisha watoto wake sita. Atakimwagia DAP juu ya DAP mpaka nacho kichachuke, na lile shamba lake kubwa libaki vile lilivyo. Wale watoto ni wetu. Wakati mwingine wanakuja kwangu jioni kula, naye anajua, na hawakatazi. Simchukii Kipyegon. Lakini jameni, mtu ana dawa mlangoni na anataka kulala kwenye kitanda cha mwenzake!

Kuhusu chai yako ya chini, usiwe na wasiwasi, iko sawa na Mama anaichuma vizuri. Ila sikia hili: hata siku moja usikubali mtu aimwagie chokaa wala majivu. Hiyo iachwe na uchachu wake. Nilimwambia Mama, sasa majivu anayaleta kwenye mahindi yangu, kidogo kidogo, anajiona mtaalamu.

Jambo lingine. Nilipokuwa nikichimba niliyapata mafiga ya Kogo, yote matatu, bado meusi. Sikuyatoa. Mama alikaa hapo kwa muda akiyashika. Nikijaliwa kujenga, jiko langu litakuwa hapo hapo, na huo ndio mpango wangu wote wa maisha, sina mwingine.

Wasalimie sana Phyllis na mtoto. Mama anawasalimu, anauliza huyo mtoto ataletwa lini aonje mursik. Tecla mdogo, binti wa Kipyegon, anakusalimu, amekuwa wa pili darasani. Mzee Ratemo naye anasema umchungie Judy, asije akapotelea kwenye theluji.

Sasa nikuombe, halafu nikunje karatasi. Kabla ya hiyo Jumamosi, piga simu. Mwambie Kipyegon hapo ulipo umekutana na wakulima, wamekueleza kwamba wao wenyewe humwaga chokaa shambani, ya magunia, si ya kupaka nyumba. Mwambie akiiweka sasa, msimu ujao mahindi yake yatainuka na hatakuwa na haja ya shamba la mtu. Usitaje Lenah, na mimi usinitaje kabisa. Likitoka kwako ni akili, likitoka kwangu ni mdomo. Nimekubali, mradi nibaki na mafiga yangu.

Mungu akulinde barabarani na akurudishe ukiwa na mgongo mzima. Piga hata jioni ya Ijumaa. Atakuwa amekaa kando yangu kama kawaida yake, na safari hii akinyakua simu nitamwachia.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Tecla