Mlango wa Uchochoroni

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini waraka huu unakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi huku ugenini sijambo. Meno yamepungua, maneno bado yamo. Umeniuliza kama tuuze nyumba ya wazazi, maana mnunuzi anakuharakisha. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza nikupe habari za darasa letu.

Binti yako alipomaliza masomo ya biashara na kuja kuungana nami, alilikuta darasa la watu wazima nyuma ya duka la fundi cherehani, halina hata kibao. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Aliniuliza mjomba wake ni mwalimu au ni mtoro. Nikampa jina la Meneja, naye akalipokea bila aibu. Kesho yake akatundika bango lenye taa barabarani: hapa watu wazima hufundishwa kusoma, kuandika na hesabu.

Wiki ile nilifundisha viti vitupu. Hata muuza nyama, asiyekosa hata siku za mvua, alipita ng'ambo ya barabara akijifanya anakagua mawingu.

Meneja hakununa. Alikwenda buchani, akanunua nyama, akauliza kosa ni nini. Muuza nyama alimwambia wateja wake wote humwita bosi; sasa bosi ataonekanaje akiingia kwenye mlango wenye maneno yale? Kwa fundi alikuwa anaingia na suruali ya kupunguzwa mkononi, na hakuna aliyemshangaa, ingawa fundi alikuwa akitania kwamba kama angeipunguza kweli kila siku, suruali ile ingekuwa imeshakuwa kaptula.

Binti yako alirudi akaling'oa bango kwa mikono yake. Aliniambia sasa ameijua bidhaa yetu: mteja hununua somo pamoja na sitara. Tangu hapo tunafungua madarasa nyuma ya maduka, kwa dobi, kwa kinyozi, na habari zinapita mdomo kwa sikio. Tena hatumwachi mtu aishie hapo. Muuza nyama alipojua kuandika, Meneja alimwuliza nani humsomea mikataba. Sasa anasoma mikataba, na ameshaulizia kompyuta. Viti havitoshi.

Haya, jibu lako. Usiuze. Chumba cha baba kina mlango unaotokea uchochoroni, na mbele ipo cherehani yako.

Funguo za darasa la huku nimeshamkabidhi binti yako. Hakukwambia kwa sababu nilimwomba niseme mwenyewe: narudi nyumbani, moja kwa moja. Ulitaka nije kupumzika, hilo nisamehe. Miaka yote hii, kwa kila aliyeketi kiti cha mbele nilikuona wewe, uliyetolewa shule kwa kuwa ada ilitosha mtoto mmoja, na mtoto huyo akawa mimi. Hukuwahi kunisimanga hata siku moja. Kiti hicho nakuja kukiweka chumbani kwa baba, na pale ulipoachia ndipo tutakapoanzia.

Najua utasema umri umekwenda na majirani watacheka. Ndiyo maana nimekueleza habari za mlango.

Mnunuzi mpe chai, mshukuru, aende zake. Nisalimie shemeji, na wajukuu mmoja mmoja, hata yule mtundu. Daftari nunua wewe. Penseli nakuja nazo.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu wa nyuma ya duka