Namba Inayoishia na 47

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefanya jambo la kijinga, tena kwa nia njema. Ofisini wote tunaingia kwenye folda za wateja kwa akaunti moja, na neno la siri limeandikwa kwa kalamu ndani ya kifuniko cha sanduku la mihuri. Kila anayekuja kugongewa muhuri anaweza kulisoma. Chuoni tulifundishwa kwamba huko ni kuacha mlango wazi. Basi asubuhi, kabla Wakili hajafika, nikalibadilisha. Sikumuuliza mtu.

Kompyuta zote mbili zikatolewa kwenye akaunti papo hapo. Nikaandika neno jipya — likakubaliwa. Kisha: namba ya kuthibitisha imetumwa kwenye simu inayoishia na 47.

Simu ya nani? Yangu siyo. Ya Wakili siyo. Ya mezani siyo.

Wakili aliuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia mtandao unasumbua. Uongo wangu wa kwanza tangu niajiriwe. Ulinitoka kama kikohozi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimejaribu mara tisa. Mara ya tisa akaunti ikajifunga kwa saa ishirini na nne.

Mchana nilikimbilia kwa fundi wa kompyuta, ghorofa ya chini. Alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akaniambia nisiguse tena, kwa kuwa kila kosa linaongeza kufuli. Nikiwaandikia wenye huduma watajibu baada ya siku tano au zaidi. Njia ni moja: mwenye simu anisomee namba. Tena namba yenyewe hudumu dakika kumi tu, kisha inakufa.

Siku tano sina. Kesi ya mteja wetu, mama mshonaji, ni Ijumaa, na vielelezo lazima vipokelewe mahakamani Alhamisi kabla ya saa sita. Mahakama ikivikosa, anatolewa kwenye nyumba aliyokaa miaka ishirini na mbili. Karatasi zake halisi zililowa mwezi jana, zikawa uji. Zilizobaki ni nakala tulizopiga skani. Zimo ndani ya folda. Na folda nimeifunga mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeipata 47. Imo kwenye daftari la zamani la simu — ni namba ya Bi Faili.

Bi Faili ndiye karani niliyemrithi. Alikaa hapa miaka kumi na minane. Jina alipewa na wateja, maana kila jalada alilijua lilipo hata akiwa amefumba macho. Akaunti aliifungua yeye, kwa simu yake mwenyewe. Miezi mitatu iliyopita Wakili alimwambia mbele ya wateja kwamba kazi ya kompyuta si ya wazee. Bi Faili akachukua mkoba wake akaondoka, hakuaga. Wiki iliyofuata nikakalia kiti chake.

Saa tano mama mshonaji alipita. Nyuzi bado zimemng'ang'ania kwenye mikono ya gauni. Akaniuliza, mwanangu, karatasi zangu zipo? Nikasema zipo. Ni kweli zipo! Alivyonishukuru, nilitamani sakafu inimeze.

Jioni nikampigia Bi Faili. Nilimwamkia, akaitika, nikamweleza yote bila kuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe kompyuta za vijana nazo huuliza wazee,” akasema.

Nikamwomba radhi. Akasema mimi sina kosa kwake. Anamjua mama mshonaji, ndiye aliyemshonea binti yake nguo za shule, na hataki atupiwe vyombo nje.

“Namba nitaisoma. Lakini aniombe yeye, kwa mdomo wake. Alinitoa kwa maneno, anirudie kwa maneno.”

Nikamwambia kwamba Wakili hajui lolote. Akasema, “Basi mwanangu, una usiku mrefu.”

Mama yangu aliniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa nne na robo. Naandika mezani kwangu ili mikono ipate kazi.

Nimemwambia Wakili. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote, neno la siri, uongo, 47, sharti la Bi Faili. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akauliza, hakuna njia nyingine? Nikasema hakuna. Akauliza tena, kana kwamba jibu langu lingeweza kubadilika.

Kisha akasema nimpigie.

Nimempigia kwa simu ya mezani, nikampa Wakili mkonga wa simu, nikarudi kwangu kubonyeza. Kufuli la akaunti limefunguka. Namba imetumwa 47. Mlango wa Wakili ameurudisha, haujafungika vizuri. Namsikia.

Amemwamkia. Sijawahi kumsikia akimwamkia mtu humu ndani.

Amemuuliza watoto hawajambo. Amemuuliza magoti. Anakohoa.

Dakika sita zimebaki. Sasa anamweleza habari za joto, kwamba mwaka huu limezidi. Bi Faili sijui anajibu nini. Mama mshonaji amefika, amekaa kwenye benchi, begi mapajani, ananitazama. Nimemwambia bado kidogo.

Dakika nne. Bado joto.

Dakika tatu. Ameacha kuzungumza. Simu hajaiweka chini, ningesikia. Mkono wangu wa kushoto uko juu ya vitufe. “Bi Faili, nisamehe,” amesema, na sasa ananiitia namba kwa sauti, naweka kalamu.