Kuku wa Wageni Kwenye Mpango Wetu

Kwako Mama, uliyezoea mboga,

Nakuandikia kutoka Kitale, nyumbani kwa Wambui. Unamkumbuka? Yule rafiki yangu mrefu niliyekuja naye Bungoma mwaka ule kabla hujatuacha, akakusaidia kuchambua kunde huku akikuuliza jina la kila kitu. Mimi naye tunafungua kampuni ya kutotolesha vifaranga wa kienyeji. Sacco imesema haitazungumza nasi habari ya mkopo kabla haijasoma mpango wa biashara, kwa hiyo tumeshinda mezani tukiandika, tukifuta na kubishana.

Nilipofika kwenye sehemu ya hasara nilikuona wewe. Usikasirike, Mama, lakini biashara yangu ya kwanza uliimaliza wewe. Nilikuachia kuku wangu nikaja huku kutafuta kazi, na kila nilipokuja nyumbani banda lilikuwa limepungua. Kicheche hakuingia, wala ugonjwa wa kideri haukupita.

"Si wageni walikuja?" uliniambia, kama mtu anayesema mvua ilinyesha.

Fundi wa paa, mashemeji kutoka Webuye, hata mwalimu aliyepita tu kuuliza njia. Nilifoka kwamba biashara imekufa. Wewe ukaendelea kusugua sufuria.

"Mtu hawezi toka hapa na njaa, Nafula. Hiyo biashara utaanza tena."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mwenyeji ulipona nini? Ile desturi ya wanawake kutokula kuku ilikwisha zamani, hata nyanya alikuwa anang'ata paja bila kujificha. Lakini wewe ulipakulia watu wote, kisha ukarudi jikoni kula ugali na mboga. "Nimezoea mboga," ulisema, nami nikakuamini miaka mingi. Siku hizi siamini, na inaniuma.

Basi kwenye mpango huu niliamua kuwa mkali. Sikuandika mgeni hata mmoja. Nilidhani Wambui atafurahi, maana kwao mgeni hupewa chai nzito na mambo yakaisha, tena akiba yake yote imo humu. Aliusoma ule ukurasa, akarudia, akaniangalia.

"Na kuku ya wageni umeandika wapi?"

"Kampuni haina wageni," nikamjibu.

"Wacha hizo, bana. Si mimi ndio nilikula ile ya mwisho? Nilienda kunawa nikaona banda iko tupu. Na mama yako bado alikuwa ananiongezea supu, ni kama ako na wengine mia huko nyuma." Akanirudishia ule ukurasa. "Ndio maana niliweka pesa yangu na wewe."

Nililia, Mama. Sikujua kwamba aliona.

Lakini Wambui si wewe, anataka kipimo. Baada ya kubishana tena tumetenga kwenye mpango banda dogo la kuku wa wageni, mbali na wale wa mayai. Wakiisha, mgeni atakunywa chai hadi wengine wakue. Najua uso ungeukunja ukisikia habari ya hiyo chai.

Kesho afisa wa sacco anakuja kukagua mahali tulipokodi. Wambui ameshachagua jogoo wa kumchinjia. Mimi naogopa afisa asije akadhani tunamhonga.

"Si imeandikwa kwa mpango?" Wambui ananicheka. "Asome."

Hatujui kama watatukubalia. Nina hofu, na ningetoa chochote kukusikia ukiniambia tena kwamba nitaanza. Lakini siku tutakayofungua, iwe mwezi ujao au mwaka ujao, hakuna mgeni atakayetangulia. Nitatoa paja zima niliweke kwenye ile sahani yako ya bluu, na safari hiyo usiniambie umezoea mboga.

Wako akupendaye,
binti yako Nafula