Maji Machafu ya Kumtumia Mwanangu

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Udobi haukuelemei? Mimi mzima, ila nimechoka hadi nalia ovyo.

Kuvu zangu zimekufa. Fundi umeme alizima taa za maabara Ijumaa, akasahau kuziwasha. Mwani ukafa, na kuvu zikafa nao, maana hizi hazili kilichokufa. Zinakaa juu ya mwani ulio hai, zinapenyeza kijiuzi, zinanyonya. Halafu zinatoa vitoto vyenye mkia, vinaogelea kutafuta mwani mwingine. Kazi yangu yote imekwenda na maji.

Nilizitoa kwenye bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, kwingine sijazipata. Nichotee chupa moja ya yale maji ya kijani, nakuomba. Nikizipata hai kabla ya Juni kuisha, naongezewa miaka mitatu ya masomo huku. Nisipozipata, nafasi inafungwa, narudi nyumbani.

Mwanao, kitindamimba

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Mgongo ni uleule, umeshazoea kelele zangu. Wewe unakula?

Nimeyaona hayo maji yako. Yananuka! Nimefua mashuka ya hoteli maisha yangu yote, sijampelekea mteja kitu chenye doa, sembuse wewe. Basi nimeyachuja kwa kitambaa safi, nikayachemsha, sasa yanang'aa. Utafurahi mwenyewe.

Hao wadudu wako wana bahati, wamepata wa kuwalilia.

Mama yako

16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nafurahi kusikia hujambo.

Umenitumia maji ya kunywa. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili mbele ya mwalimu wangu. Kuvu si wadudu, mama, na ukizichemsha zinakufa. Mimi nautaka huo uchafu! Usichuje, usichemshe. Jaza chupa nusu tu ili hewa ibaki, uitume siku hiyohiyo. Tafadhali sana.

Mwanao

14 Mei

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, nimekasirika.

Chupa imefika. Mwani wote umepauka. Nilipoifungua tu, harufu ya dawa ya madoa ikanipiga puani. Uliosha chupa kwa dawa ya kufulia! Nikueleze mara ngapi? Kuna wakati nadhani unafanya makusudi. Kama unataka nirudi nije kukunja mashuka, sema, tusizungushane. Mimi huku sina muda tena.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, hata kama hukuniuliza hali. Sijambo.

Sikufanya makusudi. Chupa ilikuwa na mafuta, na mkono wangu ukiona mafuta unaifuata dawa wenyewe. Lakini barua yako ya hasira niliisoma nikafurahi. Nilisema, basi, anarudi. Ndiyo maana sikukujibu upesi, nikisubiri Juni iishe.

Nikaenda hata kwa meneja wa hoteli kukutafutia kazi. Akaniuliza, "Binti anajua kufanya nini?" Nikamweleza habari za vijiuzi, na vitoto vyenye mkia, na jinsi vinavyojua kutafuta mwani ulio hai. Nilieleza mpaka kahawa yake ikapoa. Akasema, "Mama, sasa huyu huku kwetu atafanya nini?"

Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia na wewe, nikarudi kwa miguu nikinung'unika njia nzima kama mwehu.

Leo nimeingia bwawani hadi magotini, wafyatua matofali wakinicheka. Chupa ni mpya, nimeisuuza kwa maji ya bwawa lenyewe. Nimejaza nusu. Yananuka vilevile, na imebidi nijikaze nisiyachuje. Naipeleka sasa hivi kabla sijabadili mawazo.

Ukizikuta hai, usikimbilie kuniandikia. Niache kwanza nidhani zimekufa.

Mama yako